Hukumu ya Maji ya Kisima Kilicho Jirani na Jaa

Suali: Kisima kilicho karibu na jaa la mji, palipozikwa taka za viwanda, maji yake yafaa?

Jawabu: Jua, ewe ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akuongoe, ya kuwa hapa pana mambo mawili. La kwanza ni tahara. Maji yaliyotimia kulateni, kadiri ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakigeuka rangi, ladha au harufu. La pili ni madhara. Sumu ya kiwanda yaweza isigeuze lolote katika hayo matatu. Na kunywa chenye kudhuru ni haramu, ijapokuwa ni tahiri. Wala kuchemsha hakuondoi madini ya sumu, kama risasi.

Usidhani kuzika ni kuondoa. Huko Niagara Falls, Marekani, kiwanda kilizika tani zipatazo 20,000 za taka za sumu katika handaki liitwalo Love Canal, tangu 1942 hata 1953. Kisha pakajengwa skuli na nyumba. Mvua zikajaza ardhi, maji ya chini yakapanda na sumu yake hata vyumbani. Mwaka 1978 watu wakaanza kuhamishwa.

Basi yapimwe na mjuzi mwaminifu. Akisema yadhuru hata mwilini, tayamamu. Na aliyezika ataulizwa. Wallahu aalam.