KUNAWIRI AU KUNENEPA? SOMO LA MIZANI

Mwaka huu chama chetu kimenikabidhi ukurasa wa afya, nami nimeamua kuuliza swali moja: mbona wanene wengi huku kwetu ni akina mama, tena wa mjini, tena wenye uwezo?

Hayo si maneno ya kupiga domo tu. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya wanawake watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi, ilhali wanaume walikuwa asilimia 17.5.

Kwanza tujue kupima. Chukua kilo za mtu, ugawe kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Shangazi yangu ana kilo 78 na kimo cha mita 1.6. Basi 1.6 mara 1.6 ni 2.56, na 78 ukigawa kwa 2.56 unapata 30.5 hivi. Chini ya 18.5 umekonda mno. Kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. (Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, kwa hivyo msimcheke mvuta mkokoteni.)

Sasa shangazi aliambiwa kliniki kuwa ana presha na apunguze uzito. Alirudi nyumbani akicheka. "Nikikonda watu watasema nini? Eti mume wangu amefilisika, ama mimi naumwa!"

Mimi naona hoja yake ina uzito kuliko yeye mwenyewe. Sikilizeni Kiswahili chetu: mtu akiongeza kilo tunamwambia amenawiri. Akipunguza, tunamwuliza, "Mbona umekonda, kwani kuna shida?" Tena kulikuwa na sababu ya kuogopa. Huko Uganda katika miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa silimu, kwa vile ulimkondesha mtu akabaki mifupa. Baba naye akiota kitambi huitwa mdosi, lakini hakuna anayempima mkewe kwa kitambi hicho. Mwili wa mke ndio hutazamwa kama cheti cha jinsi nyumba inavyolishwa.

Maumbile pia yamo: mwili wa mwanamke huweka mafuta mengi kuliko wa mwanamume, na uzazi huongeza. Lakini maumbile hayaelezi tofauti ya mjini na kijijini. Mama wa kijijini huteka maji, hubeba kuni na kulima. Akihamia mjini maji yako mferejini, kazi ni ya kuketi dukani au kibandani kutwa, na chakula cha haraka ni chapati, mandazi na chipsi. Mumewe huenda bado anabeba mawe kwenye mjengo. Halafu tunamwambia mama akimbie jioni. Akimbilie wapi, na njiani hakuna taa?

Kuhusu utajiri, wataalamu wawili, Sobal na Stunkard, walikusanya tafiti 144 mwaka wa 1989. Waligundua kwamba katika nchi zinazoendelea, kadiri mtu anavyopata ndivyo anavyonenepa, awe mume au mke. Katika nchi tajiri mambo yalikuwa kinyume kwa wanawake: maskini ndio waliokuwa wanene zaidi. Mwaka wa 2004 Mbrazili Carlos Monteiro na wenzake walionyesha kwamba mzigo huo huanza kuwahamia maskini hata kabla nchi haijawa tajiri, na wanawake ndio hutangulia.

Hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Tajiri akichoka na unene ana pesa za matunda, za daktari na za ukumbi wa mazoezi. Mama anayeuza nguo za mitumba akiugua kisukari, dawa zinatoka kwenye karo ya mtoto. Na katika wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa asilimia 25 mwaka wa 2008-09. Kufikia 2014 walikuwa 33.