Biashara ya saa kuukuu na mtihani wa uaminifu



Kila mtu ana jambo linalomtuliza baada ya kazi. Kuna wa mpira, kuna wa bao barazani. Mimi ni wa saa kuukuu za mkono. Nazinunua zikiwa zimekufa, nazifungua, nazisafisha, nyingine nazivaa na nyingine nauza. Ni jambo la halali, lakini limenitia katika mtihani ambao nimeona tuuzungumze, kwani anayeuza simu zilizotumika, friji au gari la mkononi naye mtihani wake ni huo huo.

Kwanza tuelewane ni saa zipi. Saa ya ufunguo haina betri. Ndani yake mna kamani, yaani springi nyembamba iliyovingirishwa, ambayo ukiijaza hujifungua polepole na kusukuma vigurudumu. Mwisho wa msafara huo lipo gurudumu dogo linaloyumba kwenda na kurudi, ambalo katika saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara tano kila sekunde. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na jiwe la kwatzi na betri. Saa za namna hiyo zikawa rahisi na sahihi zaidi. Uswisi, ambako watu wapatao 90,000 walikuwa katika kazi ya saa mwaka 1970, walibaki kama 30,000 hivi kufikia katikati ya miaka ya 1980.

Ndipo saa za ufunguo zilipowekwa makabatini na kusahauliwa. Leo wapo wanaozitafuta kwa pesa nyingi, lakini aliyerithi moja mara nyingi hajui thamani yake. Hapo ndipo shetani anapopata mlango.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea Omega ya marehemu baba yake. Haitembei. Akataja shilingi elfu ishirini. Nilipofungua mfuniko nikaona mashine ni nzima, mafuta tu yamekauka. Nilijua kuwa thamani yake ni zaidi ya mara kumi ya alichotaja. Nikanyamaza. Nikamlipa, nikamwongezea elfu mbili za nauli, nikajiona mkarimu!

Usiku nilipokuwa naisafisha nikasoma maandishi yaliyochongwa mgongoni: jina la marehemu na mwaka aliostaafu. Nikajiuliza, hivi kijana huyu ni mrithi peke yake? Kesho yake nikamtafuta. Nikakuta mama yake bado yumo edani, na nyuma ya kijana wapo wadogo watatu ambao hawajabaleghe. Mirathi haijagawanywa. Hakuna aliyejua kuwa saa imeuzwa.

Ndugu Muislamu, hebu tazama nilichofanya. Mtu akifa, mali yake baada ya mazishi, madeni na wasia ni ya warithi wote kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Kabla ya aya hizo ipo ya 10, ambayo ni onyo kali kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Nami nilikuwa nimeiweka mali ya yatima juu ya meza yangu, naipangusa kwa brashi.

La pili ni bei. Wanazuoni wamejadili kwa urefu suala la ghubni, yaani kupunjana katika bei, na lini aliyepunjwa ana haki ya kuvunja mauziano. Lakini mwenendo wa Maswahaba ulikuwa juu zaidi ya kuuliza tu kama mauziano yamesihi. Imepokewa kuwa Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona akamwambia mwenye farasi kuwa mnyama wake anastahili zaidi, akaendelea kupandisha mwenyewe hadi 800. Sababu yake ni kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Muislamu. Mnunuzi anampandishia muuzaji! Sisi tuko wapi?

Niliirudisha saa ile. Sehemu ya pesa zangu kijana alikwisha itumia, tukaandikiana deni. Eda ilipokwisha familia ikakaa, nikawaambia thamani ya kweli, wakaamua isiuzwe. Sikupata saa wala faida, ila usingizi nilipata.

Tangu siku hiyo nina kanuni. Nikinunua, nauliza saa ni ya nani na imetoka wapi. Isiyo na majibu siigusi, maana inaweza kuwa ya mirathi au ya wizi. Nikiuza, naandika kasoro zake kwenye karatasi: uso umepakwa rangi upya, mashine imetoka katika saa nyingine, mipira ya kuzuia maji imechakaa, basi usitawadhe nayo hata kama imeandikwa kuwa haiingizi maji. Ikiwa namba zake zimepakwa radiamu ya kung'aa gizani, kama zilivyokuwa saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960, nasema pia, kwa kuwa vumbi lake lina madhara kwa atakayeifungua. Na ya dhahabu simuuzii mwanamume aivae.

Wapo wanaosoma karatasi ile wakaondoka. Lakini tukumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa. Alimtaka muuzaji aweke kilicholowa juu watu wakione, akajitenga na anayeghushi. Uso wa saa uliopakwa upya bila kusema ni nafaka kavu iliyofunika mbichi.

La mwisho ni zaka, ambayo wengi wetu tunaisahau. Saa ninazovaa au kuziweka kwa mapenzi hazina zaka ya biashara. Zile nilizonunua kwa nia ya kuuza ni bidhaa. Zikifikia nisabu pamoja na fedha nyingine na mwaka ukatimia, nazithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo na kutoa asilimia mbili na nusu. Kwa hiyo nina masanduku mawili, nisije nikajidanganya mwenyewe kuhusu nia.

Allah (s.w.) ameapa kwa wakati katika Suratul-Asr. Anayeshika saa kila siku asiwe wa kwanza kusahau kuwa wake unahesabiwa. Kama nawe una kitu cha watu kabatini ulichokipata kwa kunyamaza, kirudishe ungali na muda.

Wabillahi tawfiq.