SOMO LA WIKI: TAJI LA HALALI

Maandiko: 2 Timotheo 2:5, 1 Wakorintho 4:5, 9:24–27, Mithali 11:1, 28:13

Jumapili tulisoma pale Paulo anapomkumbusha Timotheo kwamba mkimbiaji asiyefuata sheria hana taji. Baada ya ibada wengi mliniuliza habari za Ruth Chepng'etich. Haya, leo tuzieleze polepole.

Tarehe 13 Oktoba 2024, huko Chicago, dada huyo Mkenya alikimbia marathoni kwa saa 2:09:56. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya awali ilikuwa 2:11:53, ya Tigst Assefa wa Ethiopia. Wakenya tulishangilia.

Tarehe 14 Machi 2025 akatoa mkojo upimwe. Ikapatikana haidroklorothiazidi, nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati kiwango cha kuripotiwa ni 20. Akina mama wa presha mnaijua tembe hiyo, ile inayokupeleka msalani kila saa. Kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari ni msaada. Kwa mwanariadha imekatazwa, maana inaongeza maji kwenye mkojo na inaweza kuficha pufya nyingine. Mwanzoni alisema hajui ilivyoingia mwilini. Baadaye akasema aliugua, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. AIU, chombo kinacholinda uadilifu wa riadha duniani, hakikuridhika na maelezo hayo. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3 baada ya kukiri kosa. Matokeo yake kuanzia ile siku ya Machi yakafutwa. Rekodi ya Chicago ikabaki, kwa kuwa ilitangulia.

Nataka tujifunze mambo matatu.

1. Sheria ni sehemu ya mbio. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Hata hivyo haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, maana wakimbiaji wa kumsaidia waliingia na kutoka kwa zamu, na hayakuwa mashindano ya wazi. Yeye mwenyewe alilijua hilo kabla ya kuanza. Kwa hivyo mbio peke yake haileti taji. Wakorintho walimwelewa Paulo haraka, maana michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao. Sisi wa Kondele tuielewe kwa gorogoro. Ukibonyeza kitako chake, mahindi utauza na pesa utapata, lakini Mithali 11:1 inasema Mungu anachukizwa na kipimo hicho.

2. Kitabu cha mwanadamu kina mwisho. Kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, sasa hiyo rekodi ni halali ama si halali?" Nilimjibu kwamba kosa la Machi limethibitishwa, la Oktoba halijathibitishwa. Kumhukumu mtu pale ushahidi haujafika ni kumshuhudia uongo. Paulo anatuonya tusihukumu kabla Bwana hajaja kuangaza yaliyofichwa. Lakini usijifariji upesi, mpendwa. Andiko hilo hilo linasema yatakuja kuangazwa. Aliyefanya mtihani kwa karatasi iliyoibwa ana cheti ukutani, na hakuna aliyekifuta. Yeye anajua, na Mungu anajua. Kutoshikwa si sawa na kuwa safi.

3. Uongo wa pili ni ghali kuliko dhambi ya kwanza. Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathoni Rio 2016. Mwaka 2017 akapatikana na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa miaka 4. Baadaye ikaonekana alitoa maelezo ya uongo na karatasi za hospitali zisizo za kweli, akaongezewa miaka 4 mingine. Chepng'etich alikabiliwa na miaka 4, lakini kwa kukiri mapema akapunguziwa mmoja. Soma Mithali 28:13, utaona mpango ni huo huo: anayeficha hafanikiwi, anayeungama na kuacha anapata rehema.

Nisiwadharau wanariadha hawa. Wengi wanatoka nyumba kama zetu. Ushindi mmoja ng'ambo unanunua shamba, unamjengea mama nyumba, unasomesha wadogo. Mtu akija na sindano akasema "kila mtu anatumia," anazungumza na njaa yako. Kwetu njaa hiyo inaitwa kodi ya nyumba, karo, mkopo wa chama. Mzazi, usimwambie mtoto "leta pesa" bila kumuuliza ameitoa wapi. Ukipokea bila kuuliza, umemsaidia yule wa sindano.

Na vijana mnaofanya mazoezi: msimeze tembe ya jirani, wala ya kemist bila kumwambia muuzaji kwamba nyinyi ni wanariadha. Dawa ikiwa mwilini mwako, utakayeulizwa ni wewe.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI
1. Ni wapi kazini kwako ambapo "kila mtu hufanya hivyo"?
2. Kwa nini Paulo, mhubiri mkubwa vile, aliogopa kukataliwa mwishoni (1 Wakorintho 9:27)?
3. Kuna jambo ulilonalo ambalo hakuna aliyegundua? Utamwambia nani wiki hii?

SALA: Baba, tupe riziki ya halali, na ujasiri wa kusema kweli kabla hatujaulizwa. Waliofungiwa uwarudishe kwako. Katika jina la Yesu, Amina.