Wino wa Misahafu ya Siyu

Katika karne ya 18 na ya 19, mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu kwa mkono juu ya karatasi zilizotoka Ulaya, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Je, wino mweusi hudumu kwa sababu gani?

Waandishi wa miswada ya Kiislamu walijua aina mbili kuu. Ya kwanza ni masizi yaliyochanganywa na maji na gundi ya migunga, miti ya miiba ijulikanayo sana na wanafunzi wa Chang'ombe, Dodoma. Masizi ni kaboni. Mwanga na hewa haviyafifishi. Lakini gundi huyeyuka majini, na maandishi huchuruzika. Aina ya pili ni chumvi ya chuma na tanini. Wino huu hupenya karatasi, wala hauoshwi kwa urahisi. Ila asidi yake huila karatasi polepole.

Jaribio: Saga masizi ya taa pamoja na gundi iliyolowekwa, kisha andika juu ya karatasi mbili. Ya kwanza iweke juani kwa juma moja. Ya pili itie matone ya maji. Linganisha.

Kwa hiyo, msahafu wa kale uhifadhiwe pakavu, wala usipanguswe kwa kitambaa chenye maji.