Dawa, Sumu, Mvuke: Kiswahili cha Machimboni na Elimu ya Zebaki

Kitu kipya kikiingia katika jamii huja na jina lake. Simu ya mkononi ilipofika Maniema ilileta rezo na inite, maneno ya Kifaransa yaliyovaa sauti za Kiswahili, na leo hata bibi asiyesoma anayatumia bila kusita. Jina huenea kwa kasi. Elimu ya kitu chenyewe hubaki nyuma. Mara nyingi hilo si hasara. Anayepanda kilima kutafuta rezo hahitaji kujua mawimbi ya redio ili aongee na ndugu yake wa Kindu. Nasema hivi mapema kwa sababu wako wanaodai kwamba jamii ya kisasa haiwezi kuishi bila kila mtu kujua sayansi. Inaweza, na inaishi. Swali la mwanaisimu ni jingine: ni wapi ambapo kutojua kunaingia mwilini mwa mtu, na je, lugha yake inamsaidia au inampoteza?

Salamabila, katika teritori ya Kabambare, karibu na mpaka wa Kasongo, ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo, kwa kuwa mji unaishi kwa dhahabu. Karibu yake kuna mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ya Kanada iliuingiza katika uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kuusimamisha mwaka 2019 kwa sababu za usalama. Pale mawe yalirundikwa na kunyunyiziwa maji yenye sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu. Kando ya kampuni wapo wachimbaji wadogo. Katika mashariki mwa Kongo wengi wao huosha mchanga kwa maji tu. Wengine, ili wasipoteze vumbi laini la dhahabu, huongeza zebaki.

Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Hukamata chembe za dhahabu na kufanya nazo tonge la rangi ya fedha. Tonge likiwekwa motoni, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kutoka kama mvuke. Dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1064, hubaki. Kazi inakwisha kwa dakika chache, na kwa kifaa cha bei ndogo. Wepesi huo ndio unaoifanya zebaki ipendwe, na yeyote anayemwita mchimbaji mjinga kwa kuupenda hajawahi kukaa mtoni siku nzima ameinama.

Lakini mvuke ule hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 yake hubaki mwilini na kufika kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, kumbukumbu hupungua. Kwa mama mjamzito sumu huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Zebaki inayotua mtoni hugeuzwa na vijidudu kuwa aina nyingine, kali zaidi, inayolimbikizana ndani ya samaki. Aina hiyo ndiyo iliyowadhuru watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo, uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, unataka nchi wanachama zichukue hatua za kukomesha kuchoma tonge mahali pa wazi na katika makazi ya watu.

Sasa turudi kwenye maneno. Katika Kiswahili tunasema dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya panya. Neno hili haliulizi kama kitu kinaponya au kinaua. Linasema tu kwamba kina nguvu ya kutimiza jambo linalotakiwa. Mtu akiiita zebaki au sianidi dawa ya dhahabu hajakosea Kiswahili. Ila neno limeelekeza macho yote kwenye dhahabu na kumsahau anayeishika.

Mwalimu wa afya huja na neno la pili: zebaki ni sumu. Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa zaidi, maana neno lenyewe ni sahihi na bado halifundishi. Tazama vitenzi vinavyofuatana nalo: kulishwa sumu, kutiliwa sumu, kunyweshwa sumu. Nyuma ya sumu kuna adui, na mbele yake kuna kifo cha haraka. Zebaki haina adui, na haiui leo. Mchimbaji aliyechoma tonge kwa miaka mitano na bado anacheza mpira ana hoja yenye nguvu dhidi ya mwalimu: kama ni sumu, mbona ningali hai? Hajibiwi kwa kurudia neno sumu kwa sauti kubwa. Anajibiwa kwa kitenzi kingine: inakusanyika, kidogo kidogo.

Neno la tatu ni mvuke. Mazoea yanaufunga mvuke na maji, na maji hayatishi. Moshi huonekana na huchoma macho, kwa hiyo watu huukimbia. Mvuke wa zebaki hautoi onyo kama hilo.

Mtu atasema: basi tuchukue istilahi za Kifaransa. Ndivyo shule zetu zinavyofanya. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa kwa Katiba ya 2006, hutumika katika madarasa ya kwanza ya shule ya msingi, kisha Kifaransa kinashika nafasi, na kemia yote iko upande wa Kifaransa. Aliyeacha shule mapema akaenda machimboni ameondoka na mercure kama jina tupu.

Wala si kweli kwamba lugha ya machimbo ni maskini. Huko Kamituga, Kivu Kusini, wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu huitwa mamans twangaises: kitenzi chetu cha kinu, -twanga, kimevalishwa mkia wa Kifaransa. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa kuliunda. Mashine za kusaga mawe zilipofika na kuwanyang'anya akina mama hao kazi, neno lilikuwepo la kuwatetea kwa jina.

Kwa hiyo ninapendekeza somo lianze na lotoko. Katika Kongo nzima watu wanajua pombe hii inavyopatikana: pipa linachemka, mvuke unaingia katika bomba, bomba linapita katika maji baridi, na mwishoni kinatona kitu ambacho si maji. Mtu huyo tayari anajua kwamba mvuke unaweza kubeba kitu kingine, na kwamba ukipozwa unarudi kuwa majimaji. Chungu cha kuchomea zebaki, kile kinachoitwa retorti, hufanya kazi ileile: tonge linafunikwa, bomba linapozwa, zebaki inatona na kutumika tena, na mapafu hupata kidogo sana. Retorti ni jina tupu kama mercure. "Pipa la lotoko la dhahabu" litachekesha, lakini litaeleweka.

Kuna vikwazo viwili. Kasongo na Kabambare zina Waislamu wengi, na mfano wa pombe hautafaa katika kila kikao. Hapo mfuniko wa sufuria ya wali, wenye matone chini yake, utatosha ingawa hauna bomba. Kikwazo cha pili si cha lugha. Chungu kikifunikwa, mchimbaji na mnunuzi hawaioni tena dhahabu yao ikiwa motoni, na pale ambapo gramu moja ni chakula cha nyumba, watu wanataka kuona.