Kufundisha Usambaaji wa Chembechembe Pasipo Maabara

Somo la usambaaji huonekana jepesi. Huwekwa glasi mbili, ya maji baridi na ya maji ya moto, hudondoshwa wino, kisha wanafunzi huambiwa kwamba joto limezipa chembechembe nishati. Twaona jaribio hili huficha jambo lenyewe. Katika glasi ya moto, maji ya kandoni hupoa na kushuka, ya katikati hupanda, na mikondo hiyo ndiyo ichukuayo wino. Ni kama upepo wa Holili, mpakani na Taveta, uletapo harufu ya vitunguu vinavyokaangwa: harufu imebebwa, haikusambaa yenyewe.

Ili kuzuia mikondo, na tupike uji mzito wa wanga wa muhogo, kama ule wa kutilia nguo, tuumimine katika glasi mbili, nao upoe. Tudondoshe wino juu yake. Glasi moja ikae katika beseni la maji baridi, nyingine katika maji ya moto yabadilishwayo kila yapoapo. Baada ya muda wa saa tatu wanafunzi wapime kwa rula. Tofauti itakuwa ya milimita chache, na wengine watavunjika moyo. Hapo ndipo penye somo. Kila chembe hugongwa na jirani zake huku na huko, haina iendako. Hata molekuli za hewa, ziendazo kiasi cha mita 500 kwa sekunde, huchelewa kuvuka chumba kisicho na upepo. Umbali ukizidi mara mbili, muda huzidi mara nne. Basi mwalimu asiseme kwamba chembechembe “zinataka” kwenda palipo pungufu. Penye wino mwingi, zitokazo ni nyingi kuliko zirudizo, hakuna zaidi.

Nishati nayo ina mtego wake. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 50 za Sentigredi, nishati ya mwendo wa molekuli huongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi, kwani hesabu yake huanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Lakini usambaaji huwa karibu mara mbili, kwa kuwa maji yenyewe huwa mepesi zaidi kupitika. Mwanafunzi atakayeuliza hitilafu hiyo yatoka wapi asichekwe. Erasto Mpemba alichekwa alipouliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969, akiwa Chuo cha Mweka karibu na Moshi, swali hilo lilichapishwa katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia.