Nikiogopa wadai wangu, nimekosa imani?

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, nauza mitumba sokoni. Mwaka jana baba watoto, ambaye alikuwa dereva wa lori, alipata kiharusi akapooza upande mmoja. Mshahara ukakatika. Nilikopa laki tano kwa hawa wakopeshaji wa mikopo ya kausha damu, nikanunua dawa na kulipia mazoezi ya viungo. Marejesho ni kila wiki. Biashara ilipoyumba nikakopa kwingine ili nilipe kule, kisha nikakopa tena kwenye simu. Leo ukiniuliza nadaiwa jumla shilingi ngapi, sijui.*

*Wiki iliyopita walikuja kibandani wakanifokea mbele ya wateja. Wakasema safari ijayo watakuja nyumbani kubeba vitu. Mume wangu hajui lolote. Nikiona namba ngeni kwenye simu natetemeka. Usiku sipati usingizi, moyo unakwenda mbio.*

*Kwenye kikundi chetu cha maombi niliomba niombewe, ila sikusema ni deni. Mama mmoja akaniambia hofu ni roho chafu, aliyeokoka haogopi, na mlango wangu umefungwa kwa sababu sijapanda mbegu. Nikatoa elfu hamsini iliyokuwa ya marejesho. Hakuna kilichobadilika. Jumapili nikisimama kuimba kwaya najiona mnafiki. Shangazi, Mungu amenikasirikia? Imani yangu imekwisha?*

*Mwenye Mzigo, Morogoro*

Pole ya mgonjwa, na pole ya kuubeba mzigo huu peke yako.

Nianze na ulichouliza. Hapana, imani yako haijakwisha. Anayeogopa na bado anaomba, hajamwacha Mungu. Huyo mama aliyekuambia mwamini haogopi, mwambie kwa heshima arudi kwenye Biblia yake. Eliya alishuka Karmeli na ushindi mkubwa, lakini vitisho vya Yezebeli vilipomfikia alikimbilia jangwani akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamtuma malaika ampe mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho wazi kwamba alipofika Makedonia alikuwa na mapigano nje na hofu ndani. Kama hofu ingekuwa ushahidi wa kukosa wokovu, tungelazimika kuwatoa hao wawili kundini.

Kwa hiyo hofu yako si dhambi. Mtu akitishiwa kubebewa vitu mbele ya mume mgonjwa, moyo usipokwenda mbio ndipo tushangae. Kinachokumaliza ni siri. Umemficha mume, umewaficha wanamaombi wenzako, na kwa kuogopa kupiga hesabu umejificha hata wewe mwenyewe. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Fungua 2 Wafalme, sura ya 4. Kuna mjane pale, mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mcha Mungu kabisa, na alikufa akaacha deni. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama yule hakusema "niombeeni nina changamoto". Alimlilia Elisha akalitaja deni kwa jina lake, akamtaja na mdai na alichokuja kuchukua. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu. Fikiria mtaa mzima ulivyojua siku ile! Wanawe ndio waliomletea vyombo akimimina mafuta. Mwisho akaambiwa auze, alipe deni, wao waishi kwa kilichobaki. Muujiza ulikuwepo, lakini ulipita kwenye kinywa kilichosema kweli, na mikononi mwa jamaa na majirani.

Basi nawe anza kwa mumeo. Amepooza upande mmoja wa mwili, bado ni kichwa cha nyumba yenu na ni mshauri wako. Unaona unamlinda, lakini wadai wakiingia kabla hujamwambia, atapata mshtuko mara mbili. Chagua saa aliyotulia, mwambie bila kuzunguka: nilikopa, nilikopa kwa ajili ya dawa, nimeelemewa. Ukiogopa kuwa peke yenu, mwombe mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini awepo.

Kisha chukueni daftari. Kila mkopo uwe na ukurasa wake: ulikopa kiasi gani, umeshalipa kiasi gani, riba na faini ni ngapi, mkataba uko wapi. Kama huna nakala ya mkataba, idai. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na wakopeshaji wasiopokea amana wako chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Huo mkopo wa simu uangalie kwa makini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ukikuta mkopeshaji wako hana leseni, usione umepewa ruhusa ya kutolipa ulichokopa, ila peleka malalamiko Benki Kuu. Na kuhusu hao wanaotishia kubeba vitu, mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa mapema, kisha mtafute msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kazi yao ni kuwasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Nenda naye kwa mkopeshaji mkaombe marejesho madogo yanayolingana na mauzo yako.

Usikope tena ili ulipe mkopo. Mtu akikutajia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi vya wanawake, ujue ile ni ya mtaji. Ifikirie baadaye, biashara ikishatulia.

Sasa hiyo mbegu. Elfu hamsini ile ilikuwa ya marejesho. Haikuwa yako kuitoa. Watu hupenda kutuhubiria mjane wa senti mbili, lakini katika Marko 12, mistari michache tu kabla yake, Yesu anawakemea walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane. Habari hizo mbili zisomwe pamoja. Mungu hauzi mlango kwa mama mwenye mgonjwa. Katika miezi hii, kumlisha mumeo na kulipa unachodaiwa kwa uaminifu ni utumishi pia. Nehemia alipowasikia ndugu zake wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto wao wanatiwa utumwani, hakuwaagiza watoe zaidi. Aliwakabili wakuu waliokuwa wakitoza riba. Kanisa lako nalo lina wajibu huo kwako, na haliwezi kuutimiza kama halijui.

Ule moyo kwenda mbio usiku, usiuache kwenye maombi peke yake. Pita zahanati upimwe presha. Nyumba yenu haimudu mgonjwa wa pili. Na ikikujia fikra ya kutotaka kuishi, usilale nayo hata usiku mmoja. Mwamshe mtu, nenda hospitali.

Kuhusu kwaya, usiache. Mnafiki ni yule anayejifanya. Wewe unaimba ukiwa umeelemewa, na Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo. Ya 88 inaanza kwa kilio na kuisha gizani, bila shukrani yoyote mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sifa. Omba vivyo hivyo: mtajie Mungu kiasi kamili, mtajie na majina ya wadai.

Ila usiombe akuondolee hofu kwanza ndipo uzungumze na mumeo. Zungumza naye wiki hii, ukiogopa hivyo hivyo.

Shangazi